Matiti yaliyolala: silikoni kubwa au kunyanyua? Pima kabla ya kuamua

Wengi wanaofikiria upasuaji wa matiti huanza na swali la ukubwa: niwekewe silikoni ya mililita 300 au 400? Swali hilo lina wakati wake, na wakati huo si wa mwanzo. Cha kwanza ni kujua chuchu imekaa wapi ukilinganisha na mkunjo wa chini ya titi, na ngozi imelegea kiasi gani. Kipandikizi cha silikoni, yaani kifuko kinachowekwa ndani ya titi, kinajaza, hakipandishi. Gunia lililojaa nusu ukiliongezea unga litanenepa, lakini maandishi yaliyochapwa karibu na kitako chake yatabaki kulekule chini.

Kabla ya vipimo, tuondoe lawama moja. Kunyonyesha husingiziwa sana. Kinacholaza matiti ni mimba zenyewe, umri, kupungua uzito mwingi, uvutaji wa sigara, na ukubwa wa asili wa titi. Mazoezi ya kifua hukuza msuli ulio nyuma ya titi, titi lenyewe halipandi. Mafuta ya kupaka na pampu za kuvuta zinazouzwa mitandaoni haziwezi kukaza ngozi na nyuzi za ndani zilizokwisha kutanuka. Na akitokea mtu anayejaza matiti kwa sindano ya silikoni ya maji, iwe saluni au nyumbani, mkimbie: dawa hiyo husambaa mwilini, hutengeneza mabonge, na kuitoa yote haiwezekani.

Vipimo vya nyumbani

Unahitaji futi ya fundi cherehani, kalamu na kioo. Vua sidiria, simama wima, mikono ikining'inia. Nyanyua titi kwa kiganja, tazama mkunjo uko usawa gani, kisha weka alama ya kalamu katikati ya kifua usawa huohuo. Achia titi. Sasa linganisha chuchu na alama.

Chuchu ikiwa juu ya alama huku nyama ya titi ikiwa imeshuka chini yake, hapo titi halijalala kwa maana ya kitabibu; limepungukiwa ujazo. Ikiwa sawa na alama, ni daraja la kwanza la ulegevu. Ikiwa chini ya alama lakini bado inatazama mbele, ni la pili. Ikiwa imefika sehemu ya chini kabisa ya titi na inatazama sakafu, ni la tatu. Mpangilio huu ulielezwa na daktari Regnault mwaka 1976, na madaktari wa upasuaji rekebishi (wanaounda upya maumbo ya mwili) wanautumia hadi leo.

Pima pia kutoka kwenye kishimo kilicho chini ya koo, pale mifupa miwili ya mtulinga inapokaribiana, hadi kwenye chuchu. Kwa matiti ambayo hayajalala, kipimo hiki mara nyingi huwa sentimita 19 hadi 21, na mwanamke mrefu anaweza kuzidi kidogo. Ukikuta 25 au 26, hakuna kipandikizi kitakachorudisha chuchu saa sita bila kupunguza ngozi. Pima pande zote mbili uandike, maana ni nadra matiti kulingana. Tofauti ya sentimita moja au mbili ikiachwa bila kushughulikiwa, silikoni huifanya ionekane zaidi.

Kipimo cha tatu ni unene wa nyama. Bana sehemu ya juu ya titi kwa kidole gumba na cha shahada. Ikiwa chini ya sentimita 2, kipandikizi kikiwekwa juu ya msuli kingo zake zinaweza kuonekana na ngozi ikafanya mawimbi, hivyo daktari ataelekea kukiweka chini ya msuli.

Kisha jaribio ambalo wengi wanaliruka, ingawa ndilo linalotenganisha njia hizi mbili. Vaa sidiria nzuri inayokushika, isiyo na sponji. Jitazame. Kama ukubwa unaouona ndani ya sidiria unakutosha, huhitaji silikoni. Unahitaji kunyanyuliwa tu. Kama hata matiti yakiwa yamenyanyuliwa sehemu ya juu bado ni tupu na hilo linakusumbua, ndipo ujazo unaingia kwenye mazungumzo.

Kusoma majibu

Chuchu juu ya mkunjo, titi limesinyaa: kipandikizi peke yake kinaweza kutosha, tena cha wastani.

Chuchu sawa na mkunjo, au imeshuka sentimita moja hivi: hapa ndipo madaktari hutofautiana, na hapa ndipo wateja huumizwa. Utasikia, "Tukuwekee kikubwa kidogo, kitavuta ngozi, utaepuka makovu." Ni kweli kwamba kipandikizi kilichowekwa juu ya msuli kinaweza kuficha ulegevu mdogo. Lakini ngozi iliyokwisha kuchoka inapewa mzigo mpya. Kipandikizi cha mililita 300 kina uzito wa karibu gramu 300, yaani zaidi ya nusu kilo kwa matiti yote mawili, usiku na mchana. Baada ya muda kinaweza kuteremka chini ya mkunjo wa asili, chuchu ikabaki inatazama juu kuliko inavyotakiwa, na ngozi ikawa nyembamba kuliko ilivyokuwa siku ya kwanza. Kwetu sisi, kovu linalozunguka chuchu ni gharama ndogo kuliko hiyo.

Chuchu chini ya mkunjo kwa sentimita 2 au zaidi: kunyanyua ni lazima, iwe na silikoni au bila. Ukiwekewa silikoni pekee chini ya msuli, yenyewe itakaa juu kifuani huku titi lako la asili likiporomoka mbele yake, na kifua kitaonekana kina vilima viwili kila upande. Ukiongeza ukubwa ili kufukuza ulegevu huo unazidisha tatizo.

Ukubwa una mpaka unaowekwa na kifua chako. Pima upana wa titi kutoka ubavuni hadi karibu na mfupa wa kati wa kifua. Ikiwa ni sentimita 12, kipandikizi cha upana wa 14 kitasukuma kuelekea kwapani au kuyakutanisha matiti katikati. Kwa hiyo daktari anayekuuliza "unataka saizi gani?" kabla hajashika futi amekosea mpangilio.

Kama bado unataka kujaribu ujazo, tia mchele kwenye soksi laini ya nailoni, uifunge, uiweke ndani ya sidiria. Pima kwa mizani ya dukani badala ya kikombe, maana mchele wa mililita 300 ni mwepesi kuliko silikoni ya ujazo huo. Weka gramu 300 kila upande, ushinde nazo siku nzima: nenda sokoni Kilombero, Arusha, panda daladala, inama ufue. Mgongo na mabega vitatoa maoni yao kabla ya jioni.

Kunyanyua kunafanywaje

Daktari hutoa ngozi iliyozidi, huunda upya nyama ya ndani, na kuhamisha chuchu juu ikiwa bado imeungana na mishipa yake. Kovu hutegemea ulegevu. Ulegevu mdogo: mduara kuzunguka weusi wa chuchu. Wa kati: mduara pamoja na mstari unaoshuka hadi kwenye mkunjo. Mkubwa: hivyo viwili pamoja na mstari mlalo ndani ya mkunjo, umbo la nanga. Mtu wa daraja la tatu akishawishiwa achukue kovu dogo la mduara, mara nyingi duara la chuchu hutanuka na titi likawa bapa mbele.

Usitegemee kwamba kunyanyua pekee kutajaza sehemu ya juu kama silikoni. Titi litakuwa na umbo zuri zaidi na linaweza kuonekana dogo kidogo kuliko awali. Hisia za chuchu zinaweza kupungua, mara nyingine kwa muda na mara nyingine moja kwa moja. Uwezo wa kunyonyesha pia unaweza kupungua, kwa hiyo kama bado unatarajia kuzaa, subiri. Mimba nyingine inaweza kulegeza kilichokazwa.

Kwa ngozi zetu suala la kovu halipaswi kupitwa haraka. Kagua masikio ulipotoboa, bega la chanjo, sehemu zenye chale, na mshono wa upasuaji wa uzazi kama unao. Ukikuta kovu limevimba na kuvuka mipaka ya jeraha, hiyo ni keloidi, na eneo la karibu na mfupa wa kati wa kifua ni mojawapo ya yanayoongoza kwa keloidi mwilini. Mwoneshe daktari, na muulize kama mstari mlalo unaweza kufupishwa upande wa ndani. Uliza pia kama ana karatasi za silikoni za kubandika na sindano za triamsinoloni (dawa ya kupunguza uvimbe wa kovu) endapo kovu litaanza kuvimba.

Vyote viwili pamoja

Kunyanyua na kuweka silikoni siku moja kunawezekana, ila ujue kuwa kazi hizo zinavutana: moja inapunguza ngozi, nyingine inaitanua. Mishipa ya damu inayoilisha chuchu hupata shinikizo pande zote mbili, na uwezekano wa kurudishwa chumba cha upasuaji ni mkubwa kuliko ukifanya moja pekee. Ndiyo maana kwa ulegevu mkubwa baadhi ya madaktari hunyanyua kwanza, wakasubiri miezi 3 hadi 6, kisha wakaweka kipandikizi kidogo kama bado kinahitajika. Baada ya hatua ya kwanza baadhi ya wanawake hujikuta hawaihitaji ya pili, na wameokoa pesa nyingi.

Pesa za silikoni haziishii siku ya upasuaji. Kipandikizi si cha maisha yote. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, inashauri wenye vipandikizi vya jeli ya silikoni wapimwe kwa picha za MRI au ultrasaundi miaka 5 hadi 6 baada ya kuwekewa, kisha kila miaka 2 hadi 3, ili kugundua kilichopasuka kimyakimya. Mwili pia hukizungushia utando, na utando huo ukikaza titi huwa gumu na linaweza kuuma. Vipandikizi vyenye uso wa kukwaruza vimehusishwa na aina adimu ya saratani ya mfumo wa limfu (sehemu ya kinga ya mwili). Vya aina ya Biocell, vya kampuni ya Allergan, viliondolewa sokoni duniani mwaka 2019. Uliza uso wake ni laini au wa kukwaruza, na ujibiwe kwa maandishi.

Maandalizi na kupona

Subiri angalau miezi 3 hadi 6 baada ya kuacha kunyonyesha, na uzito wako uwe umetulia. Acha sigara na shisha wiki 4 kabla na wiki 4 baada. Nikotini hubana mishipa, na chuchu iliyohamishwa inaweza kufa. Ukiwa na miaka 40 au zaidi, au una historia ya saratani ya titi katika ukoo, fanya mammografia (picha ya eksirei ya matiti) kwanza. Iwe unalenga hospitali ya KCMC, Moshi, au Mount Meru, Arusha, piga simu uulize kama huduma ipo siku hiyo kabla hujapanda gari.

Mtafute daktari bingwa wa upasuaji rekebishi, na uhakikishe jina lake limesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Kama unavuka Namanga kwenda Nairobi, usajili unaoangaliwa ni wa baraza la Kenya. Usipange kurudi siku ya tatu. Kaa karibu na hospitali kwa siku 10 hadi 14, na njiani simama kila saa moja au mbili utembee, maana kukaa muda mrefu baada ya upasuaji huchangia damu kuganda miguuni.

Suka nywele kabla, kwa sababu hutainua mikono kwa raha kwa wiki kadhaa. Andaa mashati ya vifungo mbele. Dera la kuvaa kupitia kichwani litakutesa. Kwa wiki 6 hakuna ndoo ya lita 20, mkungu wa ndizi, mtoto mgongoni, bodaboda, wala kusonga ugali wa watu kumi. Ukiwa Moshi, epuka Januari na Februari kama unaweza: jasho ndani ya sidiria ya upasuaji huloanisha kidonda cha mkunjo, na hapo ndipo mshono hufumuka kirahisi.

Titi moja likivimba ghafla na kukakamaa ndani ya siku mbili za mwanzo, hiyo ni damu inayokusanyika ndani. Nenda hospitali saa hiyohiyo. Kwenye ngozi nyeusi wekundu wa maambukizi hauonekani vizuri, hivyo tumia mgongo wa mkono kupima joto, angalia ngozi inayong'aa kwa uvimbe, usaha, au homa ya nyuzi 38. Chuchu ikiwa baridi na ikibadilika rangi kuelekea zambarau au nyeusi kuliko kawaida, usisubiri kliniki ya wiki ijayo. Maumivu ya pajani au kwenye nyama ya mguu, au kubanwa pumzi, nayo ni dharura.

Ukiwekewa silikoni, usitoke hospitali bila kadi ya kipandikizi yenye jina la kampuni, ujazo na namba yake. Ipige picha, umtumie ndugu mmoja unayemwamini.