Umeshindwa CMA? Hivi ndivyo unavyoomba marejeo Mahakama Kuu

Tuzo, yaani uamuzi wa mwisho wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya Tanzania (CMA) kwenye mgogoro wa kazi, haikatiwi rufaa. Asiyeridhika anaomba marejeo Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, na hapo jaji hasikilizi mashahidi upya. Anasoma jalada la CMA aone kama mwamuzi alifuata sheria na kama alichoamua kinatokana na ushahidi.

1. Hesabu siku. Una wiki 6 tangu ulipokabidhiwa tuzo. Unaposaini kuipokea, andika tarehe na ubaki na nakala. Muda ukipita, utalazimika kwanza kuomba kuongezewa muda na kutoa sababu za msingi. "Nilikuwa natafuta wakili" ni sababu dhaifu sana.

2. Jaza CMA F.10, notisi ya kusudio la kuomba marejeo, uiwasilishe CMA. Papo hapo omba nakala ya mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu ya yote yaliyosemwa wakati wa usikilizaji.

3. Soma mwenendo huo ukiwa na kalamu. Kazi yenyewe iko hapa. Je, kila shahidi aliapishwa? Mwamuzi amesaini mwisho wa ushahidi wa kila mmoja? Kwa kasoro hizi Mahakama ya Rufani imewahi kufuta mwenendo mzima na kuamuru shauri lisikilizwe upya. Lakini fikiri vizuri: ukishinda kwa njia hiyo unarudi mwanzo, na mashahidi wako huenda wameshatawanyika.

Mimi hutafuta kwanza makosa yaliyo ndani ya tuzo. Kwenye kuachishwa kazi, ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kwamba sababu ilikuwa halali na utaratibu ulifuatwa. Ukikuta mwamuzi ameandika "mlalamikaji ameshindwa kuthibitisha kwamba hakuiba", piga mstari. Mzigo wa kuthibitisha umehamishiwa kwako kinyume cha sheria, na hiyo ni hoja nzito.

4. Andaa hati ya maombi na hati ya kiapo. Kiapo kieleze yaliyotokea, hoja za kisheria na nafuu unazoomba. Malalamiko dhidi ya tabia ya bosi wako yaache.

5. Omba zuio la utekelezaji kama tuzo inakutaka ulipe. Kufungua marejeo peke yake hakusimamishi utekelezaji. Mfanyakazi uliyeshinda, nawe lijue hilo: mwajiri akikwambia hulipwi kwa kuwa ameshafungua marejeo, muulize amri ya mahakama ya kusimamisha malipo iko wapi.