Mambo ya kuzingatia kabla hujaagiza kasha la ala kubwa ya muziki

Mwenye besi kubwa ya kusimama, kinubi, selo au kinanda cha vibonye 88 akifika kwa fundi wa makasha, kwa kawaida huanza na bei. Anzia kwingine: kasha hili litapita wapi, na nani atalibeba? Kasha la kulaza nyuma ya gari lako mwenyewe na kasha litakalorushwa huku na huku na wapakiaji usiowajua ni vitu viwili tofauti kwa uzito, kwa umbo na kwa gharama. Fikiria safari ngumu kuliko zote ambayo ala yako itafanya katika miaka michache ijayo, uagize kasha la safari hiyo. Kama ni ya mara moja tu, ulizia kwanza kukodi.

Kwa hiyo kabla ya kupima ala, pima njia. Pima mlango wa chumba, kona ya ngazi, lifti, mlango wa gari na nafasi iliyobaki viti vikikunjwa. Watu wengi husahau kwamba kasha hunenepesha kitu pande zote. Plaiwudi ya milimita 9 na sponji ya milimita 50 huongeza karibu sentimita 6 kila upande, yaani sentimita 12 kwa kila kipimo, kabla ya kingo za alumini. Besi ya saizi ya robo tatu, ambayo ndiyo wapigaji wengi wanayo, ina urefu wa takriban sentimita 180. Ndani ya kasha inakaribia mita mbili. Ukifunga magurudumu ya milimita 100 chini yake, kimo kinapanda tena kwa zaidi ya sentimita 10. Kasha zuri lisilopita mlangoni ni hasara tupu.

Sasa pima ala yenyewe, kwa mikono yako. Vipimo vya kwenye katalogi usivitegemee, maana mara nyingi haviongelei kinachochomoza: vifundo vya kuzungusha juu ya kinanda, plagi za nyuma, daraja la besi, chuma cha chini kinachoisimamisha. Njia bora ni kuipeleka ala kwa fundi. Isipowezekana, ilaze juu ya karatasi kubwa ya kaki na uchore umbo lake kwa penseli iliyosimama wima kabisa. Penseli ikiinama kidogo tu, mstari unaingia chini ya ubavu wa ala na umbo lote linapungua. Hata ikisimama wima, mstari hukaa nje ya ala kwa nusu ya unene wa penseli, kwa hiyo andika hapo hapo kwenye karatasi kama fundi akate juu ya mstari au ndani yake. Kisha weka alama mahali pa juu zaidi na uandike kimo chake.

Karatasi hiyo hiyo itumie kuonyesha mahali ala inapoweza kushikwa na mahali pasipoguswa. Hapa ndipo ningekaa na fundi muda mrefu kuliko kwingine kote. Kwa besi na selo, mwili ushikwe kwenye mabega na sehemu pana ya chini, kwenye mbavu. Kichwa kilichojikunja kibaki hewani. Kikibanwa na sponji huku mwili ukitikisika, nguvu yote inaishia kwenye shingo, na shingo huvunjika. Daraja nalo lisiguswe na kifuniko hata kidogo: halikugundishwa, linashikiliwa na mkazo wa nyuzi peke yake. Ndani ya mwili kuna kijiti kinachosimama kati ya uso na mgongo, nacho pia kinakaa kwa kubanwa tu, kwa hiyo kulegeza nyuzi zote mpaka mwisho kabla ya safari ni njia ya uhakika ya kukiangusha. Zilegeze kidogo, na muulize fundi wa ala yako ni kiasi gani.

Kwa kinanda cha umeme, sponji ya kifuniko ikandamize fremu na ncha mbili, kamwe isilalie vibonye wala vifundo. Kwa kinubi, pedali zote saba zibaki huru, na kumbuka kwamba kinubi kikubwa cha tamasha peke yake kina takriban kilo 40 kabla hujaongeza ubao mmoja.

Kuhusu sponji, ngumu zaidi haimaanishi salama zaidi. Ala nyepesi juu ya sponji ngumu hupokea mshtuko wote. Ala nzito juu ya sponji laini huzama mpaka kwenye ubao. Mwambie fundi uzito kamili wa ala ili achague inayobonyea kiasi tu. Ningependelea polithini yenye vitundu vilivyofungika, kwa kuwa hainywi maji. Sponji ya poliyurethani, ile inayofanana na ya godoro, ni rahisi kukata lakini huchakaa kwa unyevu na miaka: inanata, inamomonyoka, na mabaki yake yanashika kwenye vanishi. Ala iliyopakwa laka ya nitroselulosi iangaliwe kwa makini zaidi, maana laka hiyo hudhuriwa na aina kadhaa za raba na plastiki zikiigusa kwa muda mrefu. Agiza kitambaa cha pamba kati ya sponji na ala, na kasha likishafika liache wazi mpaka harufu ya gundi iishe kabisa.

Kama kuna ndege, hesabu uzito kabla fundi hajakata ubao. Mashirika mengi hayapokei begi moja la abiria linalozidi kilo 32, na besi ndani ya kasha gumu hupita hapo kwa urahisi. Marekani ina kanuni iliyoanza kutumika mwaka 2015 inayoyataka mashirika yake yapokee ala kubwa kama mzigo wa abiria, mradi jumla ya urefu, upana na kimo haizidi takriban sentimita 381 na uzito hauzidi kilo 75, lakini bado kwa sharti kwamba ndege husika inaweza kuubeba. Ndege ndogo huenda isiweze. Uliza shirika ni ndege ya aina gani na mlango wa mizigo una kimo gani, upate jibu kwa maandishi.

Ukituma kama shehena, ujazo ndio unaokula fedha. Kanuni ya kawaida ya shehena za anga ni kugawanya ujazo wa sentimita kwa 6,000 kupata kilo, na zikizidi kilo za mizani, hizo ndizo zinazotozwa. Kasha la sentimita 200 kwa 80 kwa 60 lenye kilo 45 kwenye mizani litatozwa kama kilo 160. Kupunguza sentimita 10 za kimo kunashusha hesabu hiyo hadi kilo 133. Fundi akipendekeza sanduku la mbao za kawaida kwa safari ya kuvuka mipaka, kumbuka ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya kuzuia wadudu wasisafiri ndani ya mbao za kufungashia: mbao zinazozidi milimita 6 zinatakiwa ziwe zimetibiwa, kwa mfano kwa joto la nyuzi 56 kwa dakika 30, na kupigwa muhuri. Plaiwudi imesamehewa.

Rangi nyeusi inapendeza jukwaani, ila juani inanyonya joto, na gundi ya asili inayotumika kwenye ala nyingi za mbao hulegea kwa joto na unyevu. Mimi ningechagua rangi nyepesi. Kasha lisilopitisha hewa kabisa liwe na vali ya kusawazisha shinikizo. Ndani weka kipima unyevu. Asilimia 40 hadi 60 inazifaa ala nyingi za mbao.

Vyuma ni suala fupi: komeo na vishikio vizame ndani ya ubao visikwaruzwe, magurudumu mawili yawe na breki, na ribiti au boliti yoyote isichomoze upande wa ndani.

Makubaliano yaandikwe. Yataje vipimo vya ndani na vya nje kando kando, uzito wa kasha tupu, na siku ya kukabidhiwa iliyo mbali na siku ya safari, maana marekebisho hayakosi. Omba kuijaribu ala kabla sponji haijagundishwa. Siku ya kuchukua, ifungie ndani, inamisha kasha pande zote nne na usikilize. Kifuniko kijifunge bila kukandamizwa; kikihitaji kusukumwa kwa goti, ala ndiyo inayobeba nguvu hiyo. Fungua, kagua kama kitambaa kimeacha alama popote, na sehemu ya mwisho ya malipo ibaki mfukoni mwako mpaka hapo.