Mpunga wa delta ya Rufiji: tuta lako liwe na mlango

Chumvi ikianza kuunguza mpunga, wakulima wengi wa delta hukimbilia kuinua tuta refu kuzunguka shamba zima. Nakusihi usifanye hivyo. Tuta lisilo na mlango huzuia maji ya bahari, lakini huzuia pia tope la mto, na tope ndilo linaloinua shamba.

Miaka 20,000 hivi iliyopita bahari ilikuwa chini ya usawa wa leo kwa takribani mita 120, na sehemu kubwa ya mkondo kati ya delta na kisiwa cha Mafia ilikuwa nchi kavu. Barafu za dunia zilipoyeyuka bahari ikapanda, ikaja kutulia miaka kama 7,000 iliyopita. Hapo ndipo mito ilipoweza kulundika tope midomoni na kujenga delta tunazozijua. Tope hilo ni laini, hujishindilia lenyewe na kushuka polepole. Lisipoongezwa jipya, shamba linazama. Na bahari inapanda tena: kati ya 1901 na 2018 iliongezeka wastani wa sentimita 20 duniani, na sasa inakwenda zaidi ya milimita 3 kwa mwaka. Isitoshe, bwawa la Julius Nyerere, lililo juu kwenye mto huu wa Rufiji, lilianza kujazwa Desemba 2022, na bwawa kubwa lolote hubakiza mashapo nyuma yake. Tope linalokufikia usilifukuze.

Jenga tuta la wastani, ulitie bomba au mlango wa mbao upande wa kijito. Nyakati za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, funga kabla maji hayajaanza kujaa. Lakini usiende kwa mwezi peke yake. Masika mto ukiwa na nguvu, maji yanayosukumwa juu na bamvua huwa baridi, yaani hayana chumvi, na yamejaa tope, hayo yafungulie. Chota kiganjani uonje. Ukisikia chumvi waziwazi, yameshapita kiasi anachokivumilia mche mchanga. Yakiwa matamu, yaache yatulie jarubani mpaka tope litue, kisha yatoe bahari inapokupwa. Rudia kabla ya kupandikiza, kwa kuwa maji hayo ndiyo yanayoosha chumvi iliyopanda juu wakati wa kiangazi.

Mpunga hudhurika zaidi na chumvi mara mbili: ukiwa mche mdogo, na unapochanua. Kwa hiyo otesha kitalu pa juu penye maji baridi, hamisha miche ikifika siku 30 hivi, na ongeza idadi ya miche kwenye kila shimo. Panga msimu ili kuchanua kusikukute mto umeshapungua.

Mikoko ya ukingo wa kijito iache kabisa. Mizizi yake hupunguza kasi ya maji na kunasa tope, kazi ambayo tuta haliwezi. Wapo wanaoifyeka kwa sababu udongo wake ni mweusi na misimu ya mwanzo hutoa mpunga mzuri. Chimba shimo la nusu mita kwanza: udongo ukinuka kama yai viza, una salfa. Ukikaushwa hugeuka tindikali, huonyesha madoa ya manjano, na mpunga hudumaa hata maji yakiwa matamu. Hapo mbolea haikusaidii. Kama umeshalima eneo la namna hiyo, liweke na maji muda wote, usichimbe mifereji mirefu ya kulikausha.