Maji ya bomba Tanga: pima kwenye mita kwanza, kisha tangini

Maji tunayotumia Tanga mjini yanatoka Mto Zigi, unaoteremka kutoka milima ya Usambara Mashariki. Yanakusanywa bwawa la Mabayani na kusafishwa kwenye mtambo wa Mowe, ndipo yaingie mabombani. Maji yakibadilika rangi au harufu, watu wengi huanza kulaumu huko juu: mtoni, bwawani, mtamboni. Kazi yangu ni kuosha matangi na kupima maji majumbani, na mara nyingi naona jambo jingine kabisa. Maji yamefika kwenye mita yakiwa mazuri, yakaharibikia uani kwa mwenye nyumba.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye mita na kufuata njia ya maji hadi kikombe cha mtoto. Usiruke hatua. Ukianzia katikati utanunua mashine ya kuchujia wakati kilichohitajika ni brashi na mfuniko.

Tafuta kipimo cha klorini cha aina ya DPD, kile cha vidonge au unga na kadi au kisanduku cha rangi. Wanaouza dawa za mabwawa ya kuogelea na vifaa vya maabara wanacho. Ongeza glasi angavu, karatasi nyeupe, tochi, brashi ya mpini mrefu, glavu za mpira, na dawa ya klorini ya maji isiyo na manukato wala rangi.

Hatua ya 1: Yaangalie maji kabla hayajagusa tangi

Unahitaji koki iliyo baada ya mita na kabla ya tangi. Nyumba nyingi hazina, kwa sababu fundi alipeleka bomba moja kwa moja juu ya paa. Mwite fundi akuwekee. Ni kazi ndogo, na bila koki hiyo huwezi kujua uchafu umeingilia wapi.

Kama maji yalikatika na ndiyo kwanza yanarudi, usiyaamini ya mwanzo. Bomba likiwa tupu halina msukumo wa kuzuia vitu vya nje, kwa hiyo maji machafu ya ardhini hupenya kwenye nyufa na maungio yanayovuja. Yaache yatoke mpaka yatulie. Hayo ya mwanzo mwagilia maua au osha baraza. Kisha kinga glasi, iweke juu ya karatasi nyeupe, utazame.

Weupe kama wa maziwa unaoondoka kuanzia chini kwenda juu ni hewa tu, hauna neno. Rangi ya kahawia ni kutu ya bomba la chuma au udongo, na wakati wa masika mto wetu hubeba udongo mwingi. Harufu ya mayai viza inamaanisha maji yamelala mahali kwa muda mrefu pasipo hewa. Harufu hafifu ya klorini ni habari njema. Nawasihi sana wazazi hapa: watoto wasifundishwe kuyakataa maji kwa sababu yananukia dawa. Dawa hiyo ndiyo inayowalinda.

Hatua ya 2: Pima klorini sehemu mbili

Suuza kichupa cha kipimo kwa maji yale yale, jaza hadi alama, weka kidonge au unga wa DPD wa kupimia klorini huru (ile ambayo bado haijatumika), tikisa, soma rangi ndani ya dakika moja. Ukichelewa rangi huendelea kukolea na kukudanganya. Waridi maana yake klorini ipo. Kadiri inavyokolea ndivyo ilivyo nyingi. Shirika la Afya Duniani linataka maji yanapomfikia mtumiaji yabaki na angalau miligramu 0.2 za klorini kwa lita.

Fanya hivyo kwenye koki ya mita, halafu papo hapo kwenye koki ya jikoni inayolishwa na tangi. Tofauti ya namba hizi mbili ndiyo jibu lako.

Nikupe mfano. Mama mmoja wa Makorora aliniita, wajukuu zake wanaharisha mara kwa mara.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Njoo uone, maji ya siku hizi yananuka tope, hata chai hainyweki."

Nikapima kwenye mita: waridi hiyo, tena ya kuridhisha. Nikapima jikoni: maji meupe, hakuna dalili ya rangi.

"Mama, dawa imeingia getini, jikoni haikufika. Imeishia wapi?"

Akainua macho juu ya paa. "Humo?"

Humo. Mfuniko ulikuwa umepasuka na jua linaingia, kuta za ndani zina utelezi wa kijani, chini kuna tope laini lenye unene wa kidole na majani ya mwarobaini yaliyooza, na juu ya maji wanacheza viluwiluwi wa mbu. Klorini ikikutana na uchafu inatumika mpaka inakwisha. Kwenye tangi kama lile haiwezi kumaliza hata siku.

Ukisoma namba hizo, fanya hivi. Kama klorini ipo kwenye mita na jikoni haipo, nenda hatua ya 3. Kama haipo hata kwenye mita, rudia kipimo siku nyingine kwa saa tofauti, muulize jirani apime kwake, kisha nenda hatua ya mwisho. Kama ipo kote, tangi lako lina afya. Soma hatua ya 4 na ya 5 tu.

Hatua ya 3: Osha tangi, kisha uue vijidudu

Hapa ndipo pana kazi, na hapa ndipo watu wanapokata kona. Kuosha peke yake hakutoshi, na kumwaga klorini juu ya tope ni kutupa pesa.

Funga maji yanayoingia. Toa maji yote kupitia tundu la chini kabisa, si koki ya kawaida, kwa kuwa koki hukaa juu kidogo na tope hubaki. Sugua kuta, sakafu na upande wa chini wa mfuniko kwa brashi. Suuza, toa, suuza tena mpaka maji yatoke safi. Tangi la plastiki lisafishe ukiwa nje kama inawezekana. Tangi la saruji la chini ya ardhi usiingie peke yako kamwe: liache wazi lipate hewa, na awepo mtu juu anayekuona muda wote. Na klorini isichanganywe na dawa ya choo yenye asidi. Hutoa gesi inayounguza mapafu.

Sasa dawa. Lengo ni miligramu 50 za klorini kwa kila lita. Soma lebo ya chupa. Kama imeandikwa 3.5%, tangi la lita 1000 linahitaji lita moja na nusu. La lita 2000, lita tatu. Kama unatumia unga wa klorini wa 65%, lita 1000 zinahitaji gramu 77 hivi, uukoroge kwanza kwenye ndoo ya maji. Ujazo wa tangi la plastiki umeandikwa ubavuni. La saruji, zidisha urefu, upana na kina kwa mita, kisha zidisha kwa 1000, upate lita.

Jaza tangi nusu, mimina dawa, jaza lililobaki ili ijichanganye. Fungua koki moja moja ndani ya nyumba mpaka usikie harufu ya klorini, kisha ufunge. Acha hadi kesho yake saa kama hiyo. Watangazie wote nyumbani, na wapangaji pia, kwamba maji hayo hayanywewi, hayapikiwi, hayaogewi. Baadaye yatoe taratibu mbali na mimea na mbali na mfereji unaokwenda baharini, jaza maji mapya, suuza mabomba, upime tena.

Angalizo la kitaalamu: klorini ikiwa nyingi mno inaifuta rangi ya DPD, kipimo kinaonekana cheupe kana kwamba hakuna kitu. Kama pua inanusa dawa kali na kipimo kinasema sifuri, iamini pua. Changanya sehemu moja ya maji hayo na tisa za maji yasiyo na klorini, pima, halafu zidisha jibu kwa kumi.

Kisha ziba njia za uchafu. Mfuniko mzima unaokaza, usiopitisha mwanga. Wavu laini kwenye bomba la hewa na la kumwagikia. Sisi wa Tanga hatuhitaji kukumbushwa sana kuhusu wavu: mwaka 2019 dengi ilitupiga pamoja na wenzetu wa Dar es Salaam, na mbu wake anapenda kuzaliana kwenye maji masafi yaliyohifadhiwa. Tangi la saruji lijaribiwe kama linavuja: jaza, weka alama, funga kila kitu usiku kucha. Maji yakishuka kuna ufa, na ufa huo unaotoa maji nje, siku tangi likiwa tupu, utaingiza ya karo ndani.

Hatua ya 4: Pampu, mpira na kisima

Pampu isinyonye moja kwa moja kwenye bomba la mamlaka ya maji. Inakatazwa, na sababu ni ya kiafya: pampu ikivuta, bomba la mtaa mzima linanyonya kila kilicho jirani na nyufa zake, yakiwemo maji ya choo cha mtu. Pokea maji kwenye tangi la chini, pampu ivute humo.

Mpira wa maji usiachwe umezama kwenye beseni la nguo au ndoo ya deki. Maji yakikatika ghafla, msukumo hugeuka na sabuni ile inarudi bombani.

Wenye kisima uani, tafadhalini: bomba la kisima lisiunganishwe na bomba la mamlaka hata kama katikati kuna koki. Ardhi yetu ina miamba ya chokaa yenye mipenyo, na maji ya choo husafiri humo kwa urahisi kuliko unavyodhani. Kila moja liwe na tangi lake.

Hatua ya 5: Maji ya kunywa

Hata tangi likiwa safi, maji ya kunywa yatengenezwe kando. Yakiwa na vumbi yaache yatuame, uyachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa. Ukichemsha, yatokote kwa nguvu kwa dakika moja, yapoe humo humo kwenye sufuria yenye mfuniko. Ukitumia dawa ya 3.5%, ndoo ya lita 20 ya maji maangavu inataka mililita 1, pima kwa bomba la sindano. Maji yenye ukungu, mililita 2. Koroga, subiri dakika 30. Vidonge vya dukani fuata pakiti, kwani vipo vya ujazo tofauti.

Maji yaliyochemshwa hayana ulinzi tena. Mkono mmoja mchafu unayaharibu yote. Ndoo yenye koki ni bora kuliko kuchota. Mwenye mtungi wake asiutupe, maji yake ni matamu, ila aufunike na kata iwe ya mpini mrefu, itundikwe, isiwekwe chini.

Wenye ndugu Arusha wawaambie: kule tatizo la maeneo mengi ni floridi, inayoacha meno ya kahawia. Kuchemsha hakuiondoi, wala klorini.

Hatua ya 6: Maabara na taarifa

Kuna wauzaji wa mashine wanaopita na kifaa cha nyaya mbili. Wanakitumbukiza kwenye glasi na maji yanageuka kahawia. Kahawia hiyo ni chuma cha nyaya zenyewe kinachoyeyuka kwa umeme. Na kile kimita cha kupima chumvichumvi hakioni bakteria hata mmoja. Usinunue kwa hofu hiyo.

Ukitaka uhakika, Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji mikoani. Omba kipimo cha E. koli, bakteria wanaoonyesha kuwa kinyesi kimeingia majini; kinachotakiwa ni sifuri katika mililita 100. Chukua chupa yao iliyotakaswa, usiisuuze, maana ndani ina dawa ya kuzima klorini. Pangusa koki kwa spiriti, acha maji yatoke dakika mbili, jaza ukiacha nafasi ya hewa, iweke kwenye barafu na uifikishe ndani ya saa sita.

Kama kasoro iko kwenye mita, ipeleke Tanga UWASA, mamlaka yetu ya maji, kwa maandishi: namba ya mita, tarehe na saa, namba ya klorini, maji yalikatika lini na kurudi lini, na majirani wangapi wanaona hali hiyo hiyo. Ambatisha picha ya glasi juu ya karatasi nyeupe. Omba namba ya malalamiko na uitunze, kwa sababu usipojibiwa utaihitaji ukienda EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji.