Titi la kushoto: jinsi ya kubana pumzi ili mionzi iukwepe moyo

Juzi mama mmoja muuza samaki aliniuliza mbona amekuja kupigwa mionzi ya saratani ya titi nami namfundisha kuvuta pumzi. Nikamwambia aweke kiganja chini ya titi la kushoto asikie mapigo. Moyo upo hapo hapo. Mapafu yakijaa hewa, moyo husogea mbali na ukuta wa kifua, na mionzi hupita mbele yake.

1. Uliza mapema. Mwulize daktari kama utabana pumzi, kabla ya siti skani (picha ya ndani ya mwili) ya kupanga tiba. Mpango ukishachorwa kwa pumzi ya kawaida, kazi huanza upya. Uliza pia moyo utapokea wastani wa grei ngapi; grei ndicho kipimo cha mionzi inayoingia mwilini. Utafiti wa Sweden na Denmark wa 2013 ulionyesha kila grei 1 huongeza hatari ya maradhi makubwa ya mishipa ya moyo kwa takriban asilimia 7.4 ya ile uliyonayo tayari. Ndiyo maana nang'ang'ana hata na nusu grei.

2. Lala chali, mikono juu ya kichwa. Ukijizoeza nyumbani, iwe kwenye mkeka sakafuni. Godoro linabonyea, litakudanganya.

3. Vuta, bana. Hapa ndipo mama yule na mimi tulipoteza asubuhi nzima. Kila akivuta, picha haikulingana na mpango. Kumbe alikuwa ananyanyua mgongo! Kifua kilipanda, lakini moyo haukusogea vya kutosha. Basi kunja kanga, ilaze chini ya kiuno. Pumua kawaida mara mbili, kisha vuta taratibu, mbavu zitanuke, na ubane. Ndugu yako aivute kanga: ikichomoka kirahisi, umenyanyua mgongo, rudia. Usijaze hadi mwisho, maana pumzi ya kupitiliza huwezi kuirudia vilevile kesho. Anza na sekunde 10, ufike 20. Ukisikia kizunguzungu, achia. Nusu saa kwa siku yatosha, kwa vipindi vifupi.

Vifaa vya kuzibia pumzi mdomoni sivishabikii. Uingereza walilinganisha njia hizo mbili: kubana mwenyewe, kwa kufuata alama za ngozini na taa za mashine, kuliulinda moyo vilevile kwa gharama ndogo.

4. Siku ya mashine. Fuata sauti ya mtoa mionzi. Ukishindwa, pumua tu, anakuona, atazima.

Pumzi isipokaa kabisa, sema. Mwenye matiti makubwa anaweza kulazwa kifudifudi, au daktari akaukinga moyo kwa vibamba vya chuma vya mashine. Usikimbie tiba kwa ajili ya pumzi.