Lenzi ya Kwanza ya Bei Nafuu: Kabla Hujakimbilia Fifti

Wanaoanza kupiga picha hapa Mombasa hunijia na swali ambalo jibu lake wameshapewa na mtu mwingine: "Dada, nimeambiwa ninunue fifti." Fifti ni lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 (hiyo f ni ukubwa wa tundu linalopitisha mwanga, nitaieleza Hatua ya 4). Ni lenzi nzuri, ninayo na siiuzi. Lakini siyo iliyonifaa mwanzo, na kama picha zako nyingi ni za majumbani na vichochoroni, huenda isikufae nawe.

Kazi yangu ni harusi, hasa usiku wa kupamba, kule ukumbini ambako wanaume hawaingii na mabuibui huvuliwa. Taa ni hafifu na za rangi, jukwaa limejaa maua, na ukimwomba shangazi wa bibi harusi asogee kidogo, hakusikii. Haya yote nimeyajulia humo. Nitazungumzia kamera za Canon na Nikon zenye sensa (kile kipande cha ndani kinachopokea picha) ya ukubwa uitwao APS-C, kwa sababu ndizo wanafunzi wangu huzipata kwa mtumba.

Hatua ya 1: Hesabu picha ulizokwisha kupiga

Usitoe hata shilingi kwanza. Lenzi iliyokuja na kamera, ile ya milimita 18-55, inatosha kukufundisha unachokihitaji. Fungua picha zako 200 za mwisho kwenye kompyuta, utazame taarifa za kila moja. Milimita ulizotumia zimeandikwa humo: zikiwa chache lenzi huona eneo pana, zikiwa nyingi huvuta karibu. Zigawe mafungu matatu: 18 hadi 24, 28 hadi 40, na 50 kwenda juu. Za 18 usiziamini sana. Nyingi hupigwa kwa uvivu tu, kamera imewashwa na mtu hakuizungusha lenzi. Zangu nilipozihesabu, fungu la katikati ndilo lililojaa.

Hatua ya 2: Ifunge lenzi kwa selotepu

Zungusha mpaka 35, bandika selotepu isisogee, utembee nayo siku nzima. Mimi huwapeleka wanafunzi kuanzia Fort Jesus, tunaingia Ndia Kuu, tunateremka hadi bandari ya zamani, tukichoka tunakunywa kahawa chungu. Siku ya pili fanya vivyo hivyo kwa 50. Utajua mwenyewe ni siku gani miguu ilikuwa inarudi nyuma kila dakika. Na salamu itangulie kamera, tafadhali. Watu wa Mji wa Kale wamechoka kupigwa picha kana kwamba wao ni milango ya nakshi.

Hatua ya 3: Pima nafasi unayopigia

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Sensa ya APS-C ni ndogo, kwa hiyo lenzi huonyesha eneo dogo kuliko ambavyo ingeonyesha kwenye sensa kubwa. Kwa Canon unazidisha mara 1.6, kwa Nikon mara 1.5. Fifti kwenye Canon yako inaona kama lenzi ya milimita 80.

Tuliweke kwa mita. Unataka kumpiga bibi harusi amesimama, kamera umeisimamisha wima, umemwachia nafasi kidogo juu ya kichwa na chini ya gauni. Kwa fifti kwenye Canon itabidi usimame mita 4 kutoka kwake. Kwa lenzi ya 35 kwenye Nikon zinatosha mita 2.7. Kwa lenzi ya 24 kwenye Canon, hata mita 2 hazifiki. Sasa chukua futi kamba, upime chumba anachovalia bibi harusi. Toa kitanda, toa meza ya vipodozi, toa msusi na dada zake watatu. Zimebaki mita ngapi? Vichochoro vya Mji wa Kale ni hivyo hivyo: ukirudi nyuma hatua mbili mgongo umegusa ukuta wa jirani.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Mwenye Nikon aanze na AF-S DX 35mm f/1.8G. Ilitoka mwaka 2009, kwa hiyo za mtumba zipo, ina uzito wa gramu 200, na inaona karibu sawa na macho yako yanapotazama mbele bila kuhangaika. Yangu nililipa shilingi 11,000 baada ya kubembelezana sana.

Mwenye Canon ana mtihani zaidi. Ipo EF-S 24mm f/2.8 STM ya mwaka 2014, nyembamba, gramu 125, hata kwenye mkoba wa mkononi inaingia. Kwa mitaani na majumbani mchana ni tamu. Usiku ukumbini hupitisha chini ya nusu ya mwanga wa f/1.8, utaliona pengo. Kama kazi yako hasa ni nyuso, hina na vito, basi hapo nenda moja kwa moja kwenye EF 50mm f/1.8 STM ya mwaka 2015. Hiyo hulenga kitu kilicho sentimita 35 tu kutoka kwenye kamera, na kwa mkono uliojaa hina sijaona ya bei hiyo inayoishinda.

Hatua ya 4: Ielewe nambari ya f

Nambari ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa na mwanga unaingia kwa wingi. Lenzi yako ya 18-55 ukiivuta hadi 55 huishia f/5.6. Lenzi ya f/1.8 huingiza mwanga karibu mara 10 zaidi ya hapo. Pale ambapo 18-55 ilinilazimisha kupandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) hadi 6400, picha ikawa na chembechembe kama semolina, f/1.8 huniruhusu kushuka hadi 640 kwa kasi ile ile ya shata, lile pazia la kamera linalofunguka kupiga picha.

Lakini usiiache kwenye 1.8 muda wote. Ukimpiga mtu kwa fifti akiwa mita 1 kutoka kwako, eneo linalotoka kali lina unene wa kama sentimita 2.5. Jicho moja litaonekana vizuri, la pili limelala. Kwa mtu mmoja mimi hutumia 2.2 au 2.8, kwa familia iliyosimama safu mbili 5.6 na fleshi.

Hatua ya 5: Hakikisha inaelewana na kamera yako

Kamera yangu ya kwanza ilikuwa Nikon D3200. Duka moja mjini likaniuzia 50mm f/1.8D, bei ya kuteremka, mwenye duka akaniapia kuwa Nikon ni Nikon. Lenzi iliingia, ikakaa vizuri, ila haikujilenga. Lenzi ya aina hiyo haina mota ya kulenga ndani yake, hutegemea mota ya kamera, na kamera za Nikon za D3000 na D5000 pamoja na ndugu zao hazina mota hiyo. Nilizungusha kwa mkono usiku kucha kwenye harusi ya jirani. Mkufu ulitoka mkali, uso wa bibi harusi haukutoka, na jirani hadi leo hajaniuliza tena habari za picha.

Basi kwa kamera hizo ndogo za Nikon tafuta lenzi yenye maandishi AF-S, yaani ina mota yake. AF-P pia zina mota, lakini kamera za zamani kama hiyo D3200 haziwezi kuzilenga kabisa, hata kwa mkono. Kwa Canon mambo ni mepesi: lenzi za EF na EF-S zina mota zake. Tazama tu alama. Kitone chekundu ni EF, kimraba cheupe ni EF-S, na kamera yako ya APS-C ikiwa na alama zote mbili inazipokea zote mbili. Kama una kamera ya Canon isiyo na kioo cha kuakisi ndani (mirrorless), ya EOS R au EOS M, lenzi hizo zinataka adapta, na bei ya adapta uijumlishe kabla hujasema umepata rahisi.

Hatua ya 6: Ya mtumba, nenda na tochi

Beba kamera yako, betri imejaa, kadi ina nafasi. Ondoa vifuniko vyote viwili, mulika tochi kwa nyuma, utazame kwa mbele ukiigeuzageuza polepole. Vumbi dogo lisikutishe, halionekani kwenye picha. Unachotafuta ni kuvu: nyuzi nyembamba kama utando wa buibui au mizizi, mara nyingi pembeni mwa kioo. Mji wetu una unyevu, na lenzi iliyokaa kabatini masika mawili bila kuguswa huota kuvu kama mkate. Kuvu hula rangi iliyopakwa kwenye kioo, na hata ikisafishwa mara nyingi alama hubaki. Ukiiona, rudisha lenzi, shukuru, ondoka. Usikubali kupunguziwa bei.

Kisha ifunge kwenye kamera. Piga kitu cha karibu na cha mbali, kwa 1.8 na kwa 8, uzikuze picha kwenye skrini pembe hadi pembe. Lenzi za Canon zenye maandishi STM ukizungusha pete ya kulenga kamera ikiwa imezimwa hakuna kinachotokea. Siyo ubovu, ndivyo zilivyoundwa. Ukiridhika ndipo utume pesa kwa M-Pesa. Mtu anayetaka umtumie nusu kwanza kwa sababu lenzi "iko njiani", mwache naye awe njiani.

Hatua ya 7: Ihifadhi kama mtu wa pwani

Ukitoka kwenye gari au ukumbi wenye kiyoyozi kuingia joto la nje, hasa wakati wa kaskazi, kioo hufunga ukungu papo hapo. Acha kamera ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa ipate joto taratibu. Ukitoka ufukweni Nyali, pangusa chumvi kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, ila mchanga upulizwe kwanza, ukiusugua utakwaruza.

Nyumbani usiiweke kwenye begi la ngozi wala kabati la nguo. Nunua boksi la plastiki linalofunga bila kupitisha hewa, tia ndani pakiti za silika, na ukiweza kipimo kidogo cha unyevu. Asilimia 40 hadi 50 ndiyo unayoitaka. Silika ya rangi ya chungwa hugeuka kijani ikishashiba maji. Ikaange taratibu kwa moto mdogo, kwenye sufuria usiyoipikia, mpaka rangi irudi, iache ipoe, uirudishe bokisini.