Hifadhi gani uanze nayo ukienda India kumwona chui milia

Binamu yangu anasoma Hyderabad. Alinipigia akaniuliza swali ambalo wageni wangu wa Arusha nao huniuliza wakishamwona simba: "Kaka, na chui milia je, nikamwone wapi?" Alikuwa na wiki moja ya likizo mwezi wa tano na hela ya kubana. Tulipanga safari ile kwa simu jioni tatu mfululizo. Mimi mwenyewe ni dereva mwongozaji wa Serengeti na Ngorongoro, na nimekwenda India mara mbili kwa ajili ya mnyama huyu. Mara ya kwanza nilikosea mengi. Nimeandika hapa yale niliyomwambia binamu yangu, kwa mpangilio uleule, ili asiyenifahamu naye asipoteze siku zake.

Nasema chui milia, yule mkubwa wa rangi ya chungwa na mistari myeusi. India pia wana chui wa madoa kama wetu, kwa hiyo unapoandikiana na watu wa kule hakikisha mnazungumza mnyama mmoja.

Hatua ya 1: Weka Serengeti pembeni

Kwetu simba wanalala kundi zima juu ya mwamba, nyasi fupi, unawaona kutoka mbali, na dereva mmoja akiwapata wengine wote wanasikia kwenye redio. Chui milia anatembea peke yake, msituni, kwenye mianzi na miti ya sal au mitiki, na anaweza kulala hatua 10 kutoka barabarani usimwone. Kule kazi inafanywa na masikio. Unasimama, unazima gari, unasikiliza nani anapiga kelele za hatari: chital, yule paa wa madoa meupe, sambar, mkubwa kama nyumbu, au langur, tumbili mrefu wa kijivu anayekohoa kutoka juu ya mti. Usipolikubali hilo mapema, mzunguko wako wa kwanza wa gari hifadhini utakuudhi.

Hatua ya 2: Anza na mji uliopo, usianze na jina la hifadhi

Watu wetu wengi walioko India wako kwa masomo au kwa matibabu, na tayari wana mji. Huo mji ndio unaoamua.

Ukiwa Delhi, nenda Ranthambore, Rajasthan. Treni za njia ya Mumbai zinasimama Sawai Madhopur, na kutoka stesheni hadi hifadhini ni karibu sana. Ukiwa Bengaluru au Mysuru, una Kabini na Bandipur kule Karnataka. Ukiwa Hyderabad au Chennai, usihangaike na ndege ya kwenda Delhi: reli kuu ya Chennai kwenda kaskazini inapita Balharshah na Chandrapur, na Chandrapur ndio mji wa hifadhi ya Tadoba. Ukiwa Mumbai au Pune, panda hadi Nagpur. Kutoka hapo Pench iko kama kilomita 90, Tadoba iko mbele kidogo upande wa kusini, na Kanha inafikika kwa gari kwa siku moja.

Anayetoka nyumbani moja kwa moja achukue viza ya mtandaoni, na asisahau kadi ya chanjo ya homa ya manjano kama anatoka au anapitia Kenya, Uganda au Ethiopia. India hawana mchezo na kadi hiyo, na chanjo inahesabika kuanzia siku ya 10 baada ya kuchomwa.

Hatua ya 3: Usichague kwa wingi wa chui

Hapa ndipo binamu yangu alipokuwa amekwama. Alikuwa ameona kwamba sensa ya mwaka 2022 ilitoa makadirio ya chui milia 3,682 kwa India nzima, na kwamba Corbett, kule Uttarakhand, iliongoza hifadhi zote kwa chui 260. Akasema basi naenda Corbett.

Corbett ni hifadhi ya heshima kubwa. Ilianzishwa mwaka 1936, na mpango wa taifa wa kumlinda chui milia ulizinduliwa hapohapo mwaka 1973. Eneo lake la Dhikala, na mto ule na tembo kwenye nyasi, ni zuri kupita maelezo. Lakini nyasi ni ndefu, msitu ni mzito, eneo ni kubwa. Chui wapo, macho yako ndiyo hayapati nafasi. Bandhavgarh, kule Madhya Pradesh, ilihesabiwa chui 135, karibu nusu ya Corbett, na bado mgeni wa siku mbili ana nafasi nzuri zaidi kule kwa sababu eneo la kutembelea ni dogo na chui wamebanana. Sundarbans nako chui wapo, unawatafuta kwa boti kwenye mikoko, na watu wengi wanarudi bila kuona hata mkia. Usianze huko.

Msimamo wangu kwa mara ya kwanza: Tadoba, Bandhavgarh au Ranthambore. Kanha naipenda kuliko zote kwa msitu wake na kwa barasingha, paa wa mabondeni aliyebaki kidogo sana atoweke, ila nakushauri uiache hadi mara ya pili, wakati huna tena presha ya kumwona chui.

Hatua ya 4: Msimu

Oktoba hadi Juni. Maeneo ya ndani ya hifadhi nyingi za katikati ya India yanafungwa Julai hadi Septemba kwa ajili ya masika yao. Machi hadi mwanzoni mwa Juni ndio wakati bora wa kumwona, kwa kuwa maji yanakauka na kila mnyama anarudi kwenye madimbwi yaleyale. Ni joto kali, nyuzi 40 na zaidi, na Chandrapur inajulikana kwa joto India nzima. Desemba na Januari ni nzuri kwa picha, lakini alfajiri kwenye gari la wazi utatetemeka kama uko ukingo wa Ngorongoro bila koti.

Hatua ya 5: Chagua geti, kisha kibali, kisha pa kulala

Tafadhali soma hii polepole. Hatua nyingine ukikosea utapata usumbufu. Hii ukikosea unakosa safari yenyewe.

Jina la hifadhi peke yake halikusaidii kitu. Kibali kinatolewa kwa geti au kanda, kwa tarehe, na kwa asubuhi au alasiri. Ukipewa geti moja huwezi kuingilia jingine. Tadoba ina Moharli upande wa kusini, Kolara na Navegaon upande wa kaskazini. Kanha ina Khatia upande mmoja na Mukki upande mwingine kabisa. Bandhavgarh ina Tala, Magadhi na Khitauli. Ranthambore wanatumia namba: kanda ya 1 hadi ya 10, na maziwa yale mnayoyaona pichani, Padam Talao na Rajbagh, yako kanda ya 3.

Sasa, hoteli zote zinaandika tu "Tadoba". Binamu yangu alikuwa ameshapata chumba cha bei nafuu mjini Chandrapur, halafu akaona nafasi ya kibali Kolara, akafurahi. Nikamwambia afungue ramani apime barabara. Lazima uzunguke hifadhi nzima usiku, na geti linafunguliwa alfajiri. Tukaachana na Kolara, tukatafuta Moharli, kisha tukahamisha chumba kikawa karibu na geti. Fuata mpangilio huo: geti, kibali, chumba. Ukianza na chumba umeshajifunga.

Kuna eneo la kiini na kuna eneo la pembezoni, wanaloliita bafa. Wengi wanadhani bafa ni ya kufidia waliokosa. Kwa Tadoba sikubaliani nao. Bafa kama Agarzari, jirani na Moharli, ina chui wa kudumu, na chui hajui mpaka ulipo. Panga mizunguko miwili ya kiini na miwili ya bafa, utapunguza gharama.

Kuhusu kununua kibali. Kila jimbo lina tovuti yake ya serikali. Nafasi zinafunguliwa miezi kadhaa kabla, na za wikiendi na sikukuu zinaisha upesi. Utaombwa jina kamili na namba ya pasipoti ya kila mtu. Kadi za benki za kwetu mara nyingi zinakataliwa mwisho kabisa, umeshajaza kila kitu, muda unaisha, unaanza upya. Mimi jioni ya kwanza nilikaa saa nne nzima nikijaribu kadi mbili. Ushauri wangu, na nausimamia: ukishaona kwenye tovuti kwamba geti lako lina nafasi, mwachie mwenye nyumba ya wageni iliyo karibu na geti hilo akukatie, umtumie picha ya pasipoti, akutumie kibali chenyewe. Usikubali neno "confirmed" kwenye ujumbe wa simu. Dai karatasi yenye jina lako, geti, tarehe na namba.

Halafu soma karatasi hiyo herufi kwa herufi. Safari yangu ya kwanza nilikata kibali nikiwa na pasipoti ya zamani, kabla ya kusafiri nikapata mpya, sikuunganisha mambo hayo mawili. Saa 11 na nusu alfajiri nimefika getini, baridi, magari yamepanga foleni. Karani ana orodha ya karatasi na tochi. Anapitisha kidole kwenye mstari wangu, anatazama pasipoti, anarudia kidole. Namba hazifanani. Nilimwonyesha tiketi ya ndege, nikamwonyesha jina, akatikisa kichwa kwa upole akamwita anayefuata. Gari nililolipia liliondoka bila mimi. Pasipoti ya zamani ilikuwa kwenye droo nyumbani Arusha.

Kwa hiyo: namba iliyo kwenye kibali iwe ndiyo iliyo mkononi. Beba pasipoti halisi, si nakala. Kitambulisho cha chuo hakitoshi kwa mgeni, hata kama umekaa India miaka mitatu. Binamu yangu alitaka kwenda nacho. Mpangilio wa majina ufanane na pasipoti. Kibali hakihamishiki kwa mtu mwingine, kwa hiyo usikate kwa jina la rafiki ambaye "labda atakuja". Na angalia siku ya mapumziko: Tadoba hufunga Jumanne, na hifadhi za Madhya Pradesh, kama Kanha na Bandhavgarh, kwa kawaida hazina mzunguko wa alasiri siku ya Jumatano.

Hatua ya 6: Gari

Chukua jipsi, gari dogo la wazi la watu sita. Ranthambore watakupa pia kanta, na ni kanta kweli kama unavyoijua, ya viti 20. Ni nafuu, lakini ina kelele, inachelewa kugeuka, na mtu mmoja akisimama kupiga picha 10 wamezibwa. Kwa mara ya kwanza sikushauri. Tafuta wenzako watano mchangie jipsi.

Hatua ya 7: Mizunguko minne, hifadhi moja

Isipungue minne. Usigawe miwili huku na miwili kule, maana siku ya kuhama ni siku uliyompa dereva wa barabarani.

Hatua ya 8: Ukishaingia

Mwongozaji wa hifadhi anapangwa kwa zamu getini, humchagui. Msalimie, mwambie kwa utulivu kwamba huna haraka na kwamba unafurahia ndege na paa pia. Maneno hayo yanabadilisha mzunguko mzima: badala ya kukimbizana na magari mengine atakupeleka kwenye maji na kusubiri. Vaa rangi za vumbi. Beba darubini ya 8x42 (inayokuza mara 8, yenye lenzi za milimita 42) kabla hujafikiria lenzi kubwa. Simu haziruhusiwi ndani kwenye hifadhi kadhaa, uliza mapema.

Mizunguko miwili ya kwanza binamu yangu aliona nyayo tu, nene, zimekaa juu ya alama za matairi ya gari lililotangulia, maana yake chui alikuwa amepita muda huohuo. Wa tatu, hakuna kitu. Wa nne, alasiri, walisimama kwenye dimbwi Moharli wakakaa karibu saa nzima. Wenzake wawili wakaanza kunung'unika. Langur akakohoa mara moja, kimya, kisha mfululizo. Chui jike akatoka kwenye mianzi, akayageuzia maji mgongo, akaingia kinyumenyume hadi kiuno huku akiwatazama. Ndivyo wanavyofanya siku za joto.

Ukifika kwenye hali hiyo, mwombe dereva asisogee. Magari yanayosogea ndiyo yanayomtoa majini.